Mbabula ya Koko ibakie inje

Nabintu, ukitoka ku masomo usome hii, kisha umusomee Koko kwa sauti, polepole.

Maharagi iko tayari mu sufuria. Ukiipasha moto, upashie inje. Mvua ikikatika, anika blanketi ya ndugu yako Nsimire ku jua.

~~Koko akitaka kurudi kwake Nyantende, arudi.~~ Hapana. Hiyo usimusomee.

Asubuhi nilikuta Koko ameweka mbabula karibu na kitanda ya Nsimire, majani ya mukaratusi juu ya makala, mulango na dirisha vimefungwa. Eti anapasha kifua ya mutoto joto, ndivyo alimulea papa yenu, mutoto wake. Na mutoto alikuwa anatafuta pumzi kama mutu mwenye kuzama! Nikapiga kelele. Nikamwaga makala ku mvua, mbele ya macho ya muzee. Alifunga mufuko wake, akauacha ku mulango, akaenda ku misa bila kuniaga.

Koko, haukukosa upendo. Ni moshi. Docteur alisema asthme, ile ugonjwa ya pumzi, haipatane na moshi wala vumbi. Hata mwalimu nimemuomba Nsimire asifute tena chaki ku tableau, na alilia sana, sababu kufuta ni heshima ya mwenye kuwa wa kwanza mu darasa.

Sasa ninamupeleka ku hopitali. Anapumua vizuri kidogo. Neno lake la kwanza: «Koko iko wapi?»

Nabintu, fungua ule mufuko, urudishe nguo mu kabati.

Koko, tukirudi, usiku Nsimire atasikia baridi. Ulale naye. Joto yako haina moshi.

Mama Nsimire, mukwe wako na binti yako