Damu ya Kizingitini

Mwaka umekatika, mume wangu, baba yetu, babu yetu, tangu ulipotutoka asubuhi ile umelala chali kama mtu anayesubiri kunyolewa ndevu. Nyumba imekuwa kimya mno. Hata kule kukoroma nilikokulalamikia miaka yote, sasa nakutafuta usiku sikupati.

Ulikuwa mshika upanga wa mfalme. Ulisimama nyuma ya kiti chake tangu ukiwa kijana mwembamba mpaka mvi zikakujaa. Njiani watu walikupisha. Nyumbani tulikupisha pia, ila kwa sababu ya hiyo miguu yako mikubwa. Daktari akitoa sindano ulitaka nikushike mkono, na wewe ndiye ambaye mji mzima ulisema umeua watu thelathini peke yako!

Majirani walikuletea visu vyao vya jikoni, ukavinoa barazani bila kudai hata asante.

"Shemeji, changu hiki hakikati hata siagi," mke wa fundi viatu alikuambia.

"Lete. Ulimi wako tu uache nyumbani, huo hauhitaji kunolewa."

Sasa ile habari ya wale thelathini. Ulinikataza kuisema, nikanyamaza, na wanaonijua wanajua kwangu hiyo si kazi ndogo.

Siku ile mfalme alikuwa kitandani, homa imemwangusha. Mdogo wake alikitaka kiti, akawashawishi walinzi. Mimi nilikuwa nimekuletea chakula cha mchana, nimesimama nyuma yako na kapu langu, mlangoni pa chumba cha mfalme. Wakaja wenzako, watu uliokula nao sahani moja, mkuu wa walinzi akiwa mbele.

"Kaka, toka mlangoni," alikuambia. "Hatuna ugomvi na wewe."

Ukachomoa upanga. Wote wakarudi nyuma, maana waliujua mwiko wa jumba lile: upanga wa mfalme ukichomolewa ndani, haurudi alani mkavu. Lazima mtu atoke damu.

Ukaketi kizingitini, ukatoa kinoo mfukoni, ukaanza kunoa.

"Ngojeni kidogo," ukasema. "Sitaki kumkata mtu wa nyumbani kwa upanga butu."

Halafu ukawauliza habari za kwao, mmoja baada ya mwingine. Mama yako, ule mguu umepona? Paa mmeshaezeka? Na wewe, mkeo vipi?

"Kajifungua jana," akajibu yule, mkuki mkononi.

"Nini?"

"Wa kike."

"Hongera, baba. Sogea pembeni basi, unanizibia mwanga."

Sijawahi kuona kitu kama kile, wala sitakiona tena. Wanaume wazima wenye mikuki wanajibu maswali kama wagonjwa mbele ya tabibu. Jiwe linapita juu ya chuma, taratibu, taratibu. Jua likahama sakafuni likapanda ukutani, na hakuna aliyethubutu kupiga hatua.

Mwishowe mkuu wa walinzi akauliza, "Utamkata nani, kaka?"

"Nimeshachagua."

Ukapitisha makali kwenye kiganja chako cha kushoto. Damu ikamwagika kizingitini. Ukaurudisha upanga alani.

"Umeshakunywa," ukasema. "Nendeni nyumbani mkale."

Wakaenda, mkuu wao akilia waziwazi. Nilikufunga mkono kwa kitambaa cha kapu, na kwa mara ya kwanza tangu unioe sikuwa na neno la kukutania.

Mfalme alipopona aliliona doa, akauliza ni damu ya nani. Ungetaja jina moja tu, wote wangenyongwa. "Ya mtu aliyekuwa mlangoni, bwana wangu," ukajibu, ukainamisha kichwa. Mji ukajimalizia wenyewe: wavamizi wameruka ukuta, umewafyeka thelathini, maiti zimetupwa mtoni. Ukaacha wakusifie kwa mauaji ambayo hukuyafanya, ili waliokuja kuua wapate kuzeeka. Kiganja kile hakikukunjika tena.

Mfalme ametangulia, na mdogo wake pia. Hakuna tena wa kuwanyonga walinzi wale. Wiki hii mkuu wa walinzi alikuja hapa na mkongojo wake, akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa.

"Shemeji, andika ukweli," akaniambia. "Na mimi niwekeni kwenye majina ya wanaomkumbuka."

"Kwani wewe ndugu yake?"

"Sasa nitajiitaje?"

Nikaenda kumletea chai.

Unakumbukwa na mimi mkeo, watoto wako, wakwe zako, wajukuu zako na dada yako uliyemlea. Unakumbukwa na mkuu wa walinzi na wenzake walio hai, na watoto wao waliozaliwa baada ya siku ile, na watoto wa watoto hao, ambao tulikaa barazani tukajaribu kuwahesabu, tukashindwa.

Hatutakusahau, sote tunaopumua kwa ajili yako.