Papa Élise, Wenceslas Amekubali Kwamba Ulikuwa wa Kwanza

Mwaka umetimia, Papa Élise, tangu uliponiomba chai, nikaenda kuileta, na niliporudi nikakuta umeshaondoka. Ulikuwa umekaa vilevile mlangoni, spana mfukoni, kofia imekufunika macho. Nilikugombeza, nikidhani umesinzia. Neno la mwisho nililokuambia ni kwamba chai inapoa.

Kwa wanaosoma na hawakukujua: ulikuwa Ambroise, baba wa binti yetu Élise, fundi wa baiskeli wa hapa Makiso, mjini Kisangani, nyuma ya bandari ya mto. Vijana wote wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, walikujua. Pampu yako ilikaa nje tangu asubuhi, haikufungwa kamba, na aliyetaka kujaza upepo alijaza akaenda zake. Nilikuambia wataiiba. Ukanijibu, "Upepo, miye njo niliutengeneza?" Haikuibiwa hata siku moja, na hilo nalo ulinikumbusha mara nyingi mno.

Mtu akileta baiskeli mbovu, ulisalimia baiskeli kwanza. Uliinama ukaiuliza, "Nani alikupiga hivi?" na mwenyewe amesimama pale anaona haya. Halafu ndipo ulipompa mkono.

Ulinawa kwa mchanga, ukanawa kwa sabuni, na bado lituma yangu, zile ndizi za kupondwa, ilinuka grisi mkononi mwako. Nilinung'unika miaka yote ya ndoa yetu. Siku hizi nafungua mlango wa karakana nisimame tu humo ndani, nivute ile harufu. Fiston, mtoto wa dada yako, ananiuliza, "Mama, unatafuta nini?" Namwambia natafuta msumari.

Wakati wa vita, boti za Kinshasa zilipoacha kupanda na malori yakakosa mafuta, mji huu ulishika tumbo kwa njaa. Wanaume walivusha baiskeli kwa mtumbwi hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, wakaingia njia ya msitu kwenda upande wa Opala kutafuta mchele na mawese. Ile ilikuwa njia ya jina tu. Ilikuwa tope, mizizi, na miti iliyoanguka bila mtu wa kuiondoa. Baiskeli zetu zilitengenezwa kwa barabara nzuri, na barabara nzuri sisi tulikuwa tumezisahau.

Ndipo ukaanza kukatakata. Huko msituni uling'oa garde-boue, zile bati za juu ya magurudumu, kwa sababu tope lilijaa humo hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Ulishona tairi juu ya tairi kwa waya, iwe nene, isitobolewe na visiki. Nyuma ukaweka gurudumu la meno kubwa kuliko la kiwandani, mguu upate nguvu kwenye kilima. Ulitoka na kitu kibaya kweli kweli, hata mimi nilicheka. Lakini kilikwenda Opala, kikarudi na mchele, na mitaa miwili ya jirani ilikula.

Ukaiita baiskeli ya mlima, ukasema wewe ndiye wa kwanza kufanya hivyo Kisangani nzima. Na Wenceslas akasema hapana, ni yeye.

Wenceslas ni rafiki yako, mtu wa Basoko, fundi kama wewe, anayekaa Mangobo. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu. Hakuwa anabisha hodi. Nilisikia kengele yake tangu barabarani, na kabla hajaegesha baiskeli ulikuwa umeshaanza.

"Wenceslas, kuya uombe pardon leo. Iko siku ya Mungu."

"Pardon ya nini? Tairi juu ya tairi niliishona Basoko, kando ya mto, nikingoja boti. Weye uliiona kwa Lubunga, ukarudi nyumbani mbio na akili yangu!"

"Bongo, uwongo mtupu! Miye nilikuwa nimeshafika Opala, weye ungali unatafuta waya!"

Bon. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na lituma inapoa mezani, na samaki anapoa. Mlichora njia kwa vidole kwenye meza yangu, mkaonyeshana mahali ambapo kila mmoja alitupa garde-boue zake majini. Majirani waliosikia kwa mara ya kwanza walikuja mbio kuamua, wakawakuta mnakula sahani moja.

Mliponichokesha niliwaambia ukweli wangu. Mimi Kanyere nimezaliwa Butembo, kwenye milima yenyewe. Nikiwa mtoto niliona vijana wakiteremka na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, viazi vimejaa juu, vumbi nyuma, ninyi hamjui hata kuendesha. "Mnagombania baiskeli ya mlima," niliwaambia, "na Kisangani hata kichuguu cha kumkatisha mbuzi pumzi hakuna!"

"Chukudu haina pedali, haihesabiwi!" mlijibu wote wawili kwa pamoja. Ni hapo tu mlipokuwa mkikubaliana.

Unakumbuka ile Jumapili Fiston alipowasomea kwenye simu? Kumbe Wazungu nao wanabishana nani alianza baiskeli ya mlima. Wamarekani wanasema ni vijana wao wa California, walioshuka mlima kwa baiskeli kuukuu, breki zikitoa moshi. Wafaransa wanasema vijana wa Paris walishacheza kwenye tope zamani kabla ya hao. Waingereza nao wana watu wao. Ulisimama ukapiga makofi. "Donc, basi nao hawajui! Wenceslas, sikia, hawajui!" Ulifurahi kama mtu aliyepata ndugu ng'ambo. Juma zima ulimweleza kila mteja, na kila mteja alichelewa kazini.

Sasa nikuambie kilichotokea nyuma yako.

Siku ya kukuzika, Wenceslas alisimama mbele ya watu. Alivaa ile suti ya harusi ya binti yake. Alisema, "Ndugu zangu, Ambroise njo alikuwa mutu wa kwanza. Miye nilimufuata." Akakaa. Watu walilia, wengine walipiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, tazama heshima hiyo.

Mimi nilihisi baridi, Papa Élise, na jua lilikuwa linachoma. Nilikuona umefariki asubuhi ile mlangoni, nikakuosha, nikakuvalisha, na bado kuna kitu ndani yangu kilikuwa hakijakubali. Wenceslas aliposema vile, kikakubali.

Kwetu mtu habishani na marehemu. Hiyo naijua, nimelelewa hivyo. Alitaka kukupa heshima, akakupa kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo. Lakini baada ya hapo hakuja tena. Jumapili ya kwanza nikasema ana huzuni. Ya pili nikasema anaumwa. Nikamtuma Fiston, akarudi na jibu: "Tonton Wenceslas anasema akuje kufanya nini? Ubishi iliisha."

Umeshinda, Papa Élise. Kila mtu ananiambia umeshinda. Na nyumba imenyamaza hivi kwamba nasikia friji ya jirani.

Élise anapiga simu kutoka Kinshasa, anasema "Mama, uko sawa?" nami nasema niko sawa, kisha mtandao unakatika na sote wawili tunashukuru kidogo. Fiston anafunga karakana jua likiwa bado juu, anaenda kwa mke wake, na ndivyo inavyopaswa. Jumapili napika lituma. Mkono wangu haujui kupika ya mtu mmoja. Naiponda, naiweka mezani, nakaa, naiangalia. Siku moja nilijikuta nabishana na redio. Padri alikuwa anahubiri kuhusu uvumilivu, nikamwambia aje avumilie yeye.

Mwezi uliopita alikuja Dominique, mkubwa wa chama cha vijana wa toleka. Kijana mwenye adabu, alivua hata kofia. Aliniambia siku ya kutoa matanga, mwaka wa kuomboleza ukiisha, wataandika jina lako kwenye ukuta wa pale wanapoegesha: AMBROISE, WA KWANZA. Rangi ipo tayari. Alingoja nifurahi. Nilimpa maji anywe.

Jumapili iliyofuata niliifunika sufuria ya lituma kwa kitambaa, nikapanda toleka hadi Mangobo. Wenceslas alikuwa amekaa uani peke yake, anapangusa baiskeli ambayo haikuwa na uchafu. Amekonda. Aliniona akasimama, akaniletea kiti kama mgeni wa serikali.

"Mama Élise, ungenituma mutu."

"Nilituma. Kula."

Alikula kidogo. Nikamwuliza mbona haji. Akasema, "Nitakuja kubishana na nani? Na mufu? Watu watasema nini?"

"Basi bishana na mimi."

"Weye utasema tu chukudu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia kuhusu ukuta, kuhusu rangi ya Dominique. Aliweka kijiko chini. Aliangalia baiskeli yake, na nikaona shingo yake inaanza kuvimba kama zamani.

"Wa kwanza," akasema. "Na rangi! Mama Élise, ule Ambroise alikuwa mutu ya bongo sana! Garde-boue yangu nilikuwa nimeshaitupa kwa maji, yeye angali anaipangusa na kitambaa kama sahani ya harusi! Miye nilimuambia, toa, Ambroise, toa hiyo chuma! Alikataa! Alikuwa na kichwa ngumu, ule bwana, alikuwa..."

Ah, Papa Élise! Ulikuwa hapo. Nakuapia, ulikuwa umekaa kati yetu, umeshika goti, unangoja amalize ili umjibu. Mwaka mzima watu wamekutaja kwa sauti ya kanisani, marehemu huyu, marehemu yule, mtu mwema. Huyo mtu mwema simjui. Huyu wa kichwa kigumu ndiye mume wangu, na sikuwa nimemwona tangu siku ya chai.

"Sema tena," nikamwambia. "Endelea!"

Lakini alishatambua alichosema. Alifunika mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka. "Unisamehe, Mama Élise. Na marehemu anisamehe. Nilisema mbele ya watu, siwezi kugeuza. Nitakuwa mutu ya namna gani?" Nilimwachia sufuria nikaondoka. Aliirudisha kwa mkono wa jirani. Ilikuwa imeoshwa.

Ndiyo sababu nimeandika mwenyewe tangazo hili la kukukumbuka gazetini, nikakataa lile ambalo Élise alinitumia, zuri, lenye maua pembeni. Nilimsomea langu kwa simu. Alipiga kelele.

"Mama, utamwaibisha papa! Papa ndiye alikuwa wa kwanza, kila mtu anajua!"

"Ulimwona?"

"Alinieleza!"

"Na Wenceslas naye alinieleza."

"Mama! Wenceslas mwenyewe alikubali!"

Tulibishana hadi salio lake likaisha, na mara hii mtandao haukukatika. Alinipigia tena kesho yake akiwa na maneno mapya. Sijaongea na mwanangu kiasi kile tangu alipohama.

Basi sikiliza, nami nalisema mbele ya mji mzima, kwa herufi za kupigwa chapa. Siku mlipotoka msituni mara ya kwanza na zile baiskeli nilikuwa mlangoni. Mlikuja mmeongozana, wewe na Wenceslas, tope hadi kichwani, magurudumu yenu wote wawili hayana bati. Nani alizitoa kwanza sikuona, maana msitu haukuwa na shahidi. Lakini chukudu za Butembo nimeziona kwa macho yangu mwenyewe.

Hukuwa wa kwanza, Ambroise.

Nimemwambia Dominique afunge rangi yake kwanza. Asiyekubali nilichoandika aje anibishie mimi, mjane wako, usoni. Misa ya kukuombea ni Jumapili hii katika parokia yetu. Baada ya misa tunatoa matanga nyumbani: nitavua hizi nguo nyeusi, na watu watakula. Kiti cha Wenceslas nimekiweka pale pale, karibu na dirisha, na mlango hautakuwa umefungwa. Nitakuwa nasikiliza kengele barabarani. Asipokuja, nitasimama mwenyewe upande wake nikubishie, kisha nitahamia upande wako nimjibu, hadi jioni, na majirani waseme nimerukwa na akili.

Wanaokukumbuka: mke wako Virginie Kanyere, ambaye anasema ni chukudu, binti yako Élise, aliye Kinshasa, ambaye anasema ni wewe na amekasirika, Fiston wa dada yako, ambaye anasema hajui na aachwe afanye kazi, na Wenceslas wa Mangobo, ambaye nimemwandika hapa bila kumwuliza.

Siku zote utakuwa moyoni mwetu, Papa Élise, na siku zote tutakubishia.