Zuhura Amerudi Darasani

Bangwe, Jumatatu usiku

Ulimi wangu huu! Siku nzima naogopa wanafunzi watamchokoza Zuhura, kumbe wa kumwaibisha ni mimi mwalimu wake.

Leo karudi kidato cha tatu baada ya kujifungua na kulea. Siku hizi waraka wa serikali unamruhusu. Miaka ile ya nyuma mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa shule, na madawati ya wasichana hao niliyaona yakibaki wazi.

Niliuliza swali la baiolojia, akanyoosha mkono. Sasa sisi ni majirani, na mtaani kwetu ukishazaa unaitwa kwa jina la mwanao. Nikasema bila kufikiri, "Haya, Mama Faraja, tueleze."

Darasa zima likageuka kumtazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akasimama, akanitazama usoni. "Samahani madam, hapa mimi ni Zuhura." Kisha akalijibu swali lote, hadi wenzake wakampigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Wasiwasi ninao bado. Mtoto anashinda na bibi yake, naye bibi kazi yake ni kuanika dagaa. Mbalamwezi ikiisha, wavuvi wakarudi ziwani usiku na dagaa wakajaa mwaloni wanakoshushwa, nani atamshika mtoto? Sijui kwa kweli...

Lakini jioni nimemkuta Zuhura gengeni anachagua nyanya, Faraja kalala mgongoni. Nikasita. Nimwiteje?

Akacheka. "Shikamoo madam. Hapa niite tu Mama Faraja. Zuhura utamkuta kesho darasani."