Mama Mkwe Anataka Neno Kwanza, Ndipo Atoe Maji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya yote uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika, maana tangu mvua zilizopita nasema leo nitaandika, leo nitaandika, nikirudi nyumbani hata kalamu naiona nzito; mimi ni dobi wa hoteli, napiga pasi mashuka, nasimama kutwa.

Nina binti wa miaka mitano, daktari alishatuambia ana usonji, haongei bado, ila nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu bila kutamka neno anatuendesha wote: akitaka mlango ufunguliwe anakushika mkono anakupeleka, akitaka wimbo anakuwekea kidole kooni, na akiwa na kiu anachukua kikombe chake cha bluu anakuwekea mapajani, halafu anasimama anangoja.

Nikiwa kazini anakaa na mama mkwe, na sitaki umfikirie vibaya, kwa sababu siku jirani aliposema mtoto wetu ana mashetani ni yeye aliyetoka nje na mwiko mkononi akamwambia, "Rudia hapa nikusikie vizuri!" na jirani hakurudia, na Bosi, ambaye hapendi kuguswa hovyo, humlazia bibi yake sikio mgongoni anapoimbiwa, anasikiliza sauti inavyopita mle ndani.

Sasa bibi akasikia, sijui wapi, kwamba mtoto wa hivi ukimnyima kitu atakitaja mwenyewe. Akaanza. Bosi akileta kikombe, bibi anakiweka kando, "Sema maji, mjukuu wangu. Ma-ji." Asiposema anangojeshwa. Nikamwambia, mama, kikombe ndiko kusema kwake, akanicheka: "Mtoto akipewa kila kitu mdomo umefungwa, huo mdomo atakuja kuufungua lini?" Nikanyamaza kwa heshima. Wiki iliyopita nilirudi nikakikuta kikombe rafuni, kikavu, nikadhani mtoto hana kiu, kumbe ameacha kukileta kabisa. Nilimkuta bafuni amechuchumaa, ananyonya pindo la taulo lililolowa.

Mshauri, nilipiga kelele. Mbele ya mwanawe, mume wangu, nilimwambia mama mkwe, "Unamtesa mwanangu!" Alikunja nguo zake akazitia kwenye begi, akasema Jumapili ya mwisho wa mwezi anahamia kwa binti yake. Mume wangu ananiambia, "Umemfukuza mama yangu," nami sikumfukuza, lakini siwezi kumwachia tena mtoto hivi hivi, na akiondoka hakuna mwingine ambaye Bosi anakubali kubaki naye, wala sijui nitakwendaje kazini.

Kwa hiyo ninayohitaji unitumie ni haya: maneno ya kumrudia mama mkwe bila kuomba msamaha kwa kosa ambalo si langu, jibu la kumpa mume wangu, njia ya kumfanya Bosi alete tena kikombe, na mistari michache ya bibi mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa sababu gazeti hili analisoma kwa miwani iliyofungwa uzi na hataki kusomewa na mtu.

Mama Bosi

JIBU

Mama Bosi, pole. Vuta kiti kwanza, umesimama vya kutosha.

Sasa nikuseme kidogo. Kosa la bibi uliliona mapema, ukalifunika ukaliita heshima, likakuchemkia ndani, mwisho ukammwagia mama wa watu mbele ya mwanawe. Heshima gani hiyo ya kunyamaza huku mtoto anakauka midomo? Ungesema mara ya pili na ya tatu, kwa upole, usingefika kwenye kelele. Lakini kumtetea mwanao hukukosea, na kwa hilo usimwombe radhi mtu yeyote. Omba radhi kwa ile sauti tu.

Nenda kwake leo, mkiwa wawili. Mwambie: "Mama, nisamehe nilivyokupigia kelele. Mtoto hatanyimwa maji tena katika nyumba hii. Na nataka anayempa uwe wewe." Ukimaliza, funga mdomo. Usiongeze maelezo.

Mumeo mwambie asikae kwenye kochi kungoja mshindi kati ya mama na mke. Na yeye alikuwepo, na yeye alijua maana ya kile kikombe, mbona hakumwambia mama yake? Begi lile alifungue kwa mkono wake.

Bosi amejifunza kwamba akisema hasikiki, basi ameacha kusema. Msimlazimishe. Maji ya kunywa yawe karibu naye muda wote, kikombe kiwe mahali anapofika. Akikigusa tu, mimineni papo hapo, mtamke "maji" mara moja, basi. Huenda ikachukua muda, vumilieni. Mwombeni daktari awaelekeze kwa mtaalamu wa mawasiliano, na bibi aende nanyi, kwani ndiye anayeshinda na mtoto. Siwezi kukuahidi kwamba ataongea. Ila kiu haijawahi kuwa mwalimu wa mtu.

Na haya ya bibi. Mpe gazeti, uondoke chumbani.

BIBI, MJUKUU WAKO ALIKUWA ANAKUAMBIA "MAJI" KILA SIKU. ALIKUAMBIA KWA MKONO. ULITAKA KUMSAIDIA, UKAELEKEZWA VIBAYA. NENO UNALOLITAKA LITAMKE WEWE, HUKU UKIMMIMINIA. JUMAPILI USIENDE. ANAYEKUHITAJI HAWEZI KUKUOMBA KWA MDOMO, KWA HIYO NAKUOMBA MIMI.