Kwamba Sijui Alipo

Ijumaa, 7 Juni

Nimepiga tena. Haipatikani. Kila Ijumaa nikimaliza kupalilia chini ya mipeasi nampigia Baba Zuhura, na kila Ijumaa ananijibu yule dada wa mtandao. Miaka saba sasa. Tumezoeana naye, bado kumwamkia tu.

Wapimaji wa ardhi wamefika kwetu Mgwashi. Kila shamba litapata hati. La kwetu ni la wawili, na mmoja hayupo. Mtendaji wa kijiji anataka karatasi ya kisheria inayoeleza mume wangu yuko wapi. Ningejua yuko wapi, ningekuwa nimekaa hapa?

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji Athumani amekuja. Mdogo wake Baba Zuhura. Hana ubaya, ana mdomo. Ati niape kwamba kaka yake amekufa, shamba liandikwe jina langu peke yangu, nipumzike. Huko machimboni alikokwenda watu wanafukiwa, shemeji, wewe unangoja nini? Nimempa chai. Sukari nimeisahau makusudi.

Ila hati naitaka. Shamba nimelilima peke yangu mpaka mgongo umepinda.

Jumatatu, 10 Juni

Lushoto. Ukungu, baridi ya kuuma vidole. Karibu na mahakama yupo mama anayechapa barua. Fomu ya wajane anayo tayari kwenye kompyuta. Alifuta jina la mjane aliyenitangulia, akaweka langu. "Kwamba mume wangu alifariki." Nikasaini palepale juu ya meza yake, haraka, kama anayemeza dawa chungu.

Kibao cha ofisi kimeandikwa: Wakili, Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo. Kwa vyeo hivyo vitatu nikajua nitakuta wazee watatu. Nimekuta binti mmoja, rika la Zuhura wangu, kajitanda kitenge. Shikamoo yake nzuri. Halafu akakataa kugonga muhuri! Hakuniona nikisaini. Nikamwambia mkono ni huuhuu. Akasema muhuri wake unasema jambo moja tu: huyu mama alikuwa mbele yangu, akaapa, akasaini, nikamwona.

Kisha akanisomea karatasi kwa sauti na kuniuliza kama ni kweli.

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Jumanne, 11 Juni

Hasira bado. Leo naweza kuusema ukweli: nilitaka aseme yeye. Nilidhani mwenye muhuri ndiye anayejua nani amekufa. Angegonga, ningelia, na lawama ingekuwa yake.

Nimetoa shati la Baba Zuhura sandukuni. Halinuki tena chochote, linanuka sanduku. Namtamani. Naandika hivyohivyo, hakuna anayesoma. Natamani kikohozi chake cha alfajiri. Natamani hata ugomvi wake wa chumvi.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi kwa yule binti. Wakili Upendo, ndilo jina lake. Nikamwomba aniamulie.

Hakuniamulia. Amenieleza polepole, kila mara mama, mama. Kutamka kwamba mtu amekufa ni kazi ya hakimu, akishasikiliza ushahidi. Kunisemea mbele ya hakimu ni kazi ya wakili, na hiyo anaiweza, ila hapo itabidi mtu mwingine aniapishe kwenye shauri hilo. Akishika muhuri wa viapo hana upande. Hapimi kama mume wangu yu hai. Anashuhudia tu kwamba niliyeapa ni mimi. Kwa hiyo nisiape anachotaka shemeji. Niape ninachokijua.

"Unajua nini, mama?"

Nikamwambia. Akaandika.

Kwamba mume wangu aliondoka siku ya Jumanne kwenda machimboni, na begi la shule la mtoto wetu, kwa kuwa hakuwa na lake.

Kwamba alisema atarudi kabla maplamu hayajaiva.

Kwamba yameiva mara saba.

Kwamba simu yake haipatikani.

Kwamba sijui alipo.

Akasoma. Ni kweli? Ni kweli. Nikashika Msahafu nikaapa, nikasaini, na yeye macho kwenye kalamu. Akagonga. Nimelia mbele ya mtoto wa watu, naye akanisogezea kiti.

Ijumaa, 14 Juni

Kamati ya ardhi imesoma. Kiapo ni halali, wamesema, ila hakimfanyi mtu kuwa marehemu. Shamba litabaki kwa majina mawili. Hati haitoki mpaka mwenyewe asaini, au hakimu atamke.

Shemeji kaondoka bila kuaga. Jirani kaniambia nimejitakia mwenyewe, mjinga mimi. Labda. Wenzangu wote watapata hati, mimi sina. Inauma, nisidanganye.

Lakini singeweza kumzika kwa kalamu.

Nimepiga. Haipatikani.

Jumapili, 16 Juni

Manyunyu tangu asubuhi. Sikwenda shamba.

Nakala ya fomu ya hati kamati wamenipa. Jina la Baba Zuhura juu, langu chini. Mbele ya langu, saini yangu. Mbele ya lake kuna nukta tu, mstari mzima, pa kusaini.

Nimeitia kwenye mfuko wa nailoni isiingie unyevu. Kalamu nimeiweka humohumo.