Mchoro wangu wa mhubiri

Shosti, uko wapi?

Unakumbuka nilivyomchora mhubiri amebebwa mgongoni na waumini avuke tope, viatu visichafuke? Fundi anayenifundisha kushona aliubandika mchoro ukutani, juu ya cherehani. Leo wameingia wanaume watano na fimbo. "Nani kamtukana mtumishi wa Mungu?"

Mmoja aliutazama, akacheka. Nakuapia, alicheka! Halafu ndiye aliyeanza kupiga.

Fundi akasema, "Nimechora mimi." Yeye! Hata kikombe hawezi kuchora! Na mimi nimeshika vifungo tu.

Wamemvunja mkono wa kukatia nguo.

Eti Jumapili akaombe radhi mbele ya waumini wote. Haendi. Naenda mimi, niseme mchoro ni wangu. Nisindikize, shosti. Peke yangu sauti haitatoka.