Watazamaji Wasiosalimu

Matsumoto, Japani
Mwezi wa Novemba

Dada yangu Paskazia,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikiwa nimevua kofia, ingawa chumba hiki kina baridi. Magoti yako yanasemaje? Na lile jicho la kushoto, bado linatoa machozi ukikaa upande wa moshi? Mimi sijambo. Milima ya huku imeshashika theluji kileleni, na asubuhi nawasha kwanza hita ya mafuta ya taa, ndipo nathubutu kutoa miguu kitandani. Darasa langu la Kiswahili linaendelea vizuri. Ndizi za kupika bado sijaziona. Za dukani ni za njano, zimefungwa mbilimbili ndani ya nailoni kama sabuni, na kila nikizipita nageuza uso.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata na nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Ulisema: "Deo, wewe umesoma. Niambie hao wanaoniangalia ni akina nani. Wakiwa ni watu, nitajua la kufanya. Wakiwa si watu, simu inatoka jikoni kwangu na haitarudi. Na usinijibu kwa simu, maana simu ndiyo mshitakiwa." Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nyuma ya sauti yako nilimsikia mjukuu wako Adventina akivuta kamasi. Basi nakujibu kwa karatasi. Ataileta Haruka, yule mwanafunzi wangu, anayekuja kufanya kazi huko kwetu, Nyakakika.

Nianze tulikoanzia, ili tuone ni wapi tulipopotezana. Haruka aliniambia kwamba Kiswahili changu ni cha ubaoni, akataka kusikia watu wakiongea huku wana kazi mikononi. Nikamwomba Adventina aegeshe simu jikoni kwako wakati wa kumenya ndizi za mchana. Ulikubali, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanane tu, na kila mmoja alikusalimu na kutaja jina lake kabla hujashika kisu. Haruka akairusha picha hiyo mubashara kwenye jukwaa moja la video la hapa, akawa anaandika kwa Kijapani yale unayoyasema. Lakini jukwaa lile ni kama uwanja wa gulio, haliulizi mtu ametoka wapi. Wakaingia wengine.

Ukaja kuambiwa gulioni Nkwenda. Adventina amenisimulia kila kitu. Mnunuzi wa ndizi alisema mbele ya watu, "Ma Paskazia, umekuwa mkubwa. Wajapani mia tatu wamekuona ukimfukuza kuku kwa mwiko."

Ukamwuliza, "Walinisalimu lini?"

"Hawasalimu, Ma. Wanaangalia tu."

Uliporudi nyumbani Songambele, kesho yake uliingoja simu iwashwe, kisha ukaifunika kwa kikapu, nayo ikaendelea kuwarushia hao watu giza la kikapu mpaka chaji ikaisha. Haruka anasema wengi walibaki wakikiangalia.

Siwezi kusema ulikosea. Kwetu mtu akisimama katikati ya migomba ya mwenzake, akatazama nyumba na asitoe neno, hatuna haja ya kuuliza amefuata nini. Mgeni hupiga hodi, huamkia, hupewa kahawa ya kutafuna, kisha ndipo aangalie anachotaka kuangalia. Nasikia ulimwambia Adventina, "Hao mia tatu nitawapa kahawa ya shamba gani?" Nashukuru kwamba umeiruhusu simu irudi jikoni mpaka barua hii ifike. Najua pia kwamba ikitoka, Adventina hatatoka salama. Tangu amalize kidato cha nne sijamwona akishikilia jambo kama hili. Amejifunza herufi za Kijapani peke yake, anawaeleza watu tofauti ya mgomba wa kupika na wa pombe, na akikosea anarudia mpaka aelewe. Ananiandikia, "Babu, niombee kwa Bibi." Nimekataa. Nimemwambia kwanza nichunguze.

Sasa nivumilie nikueleze, unajua nikianza sina breki.

Watu wa huku wana televisheni kama kawaida, na wazee wengi bado wanaiangalia. Lakini walio wengi miongoni mwa vijana hununua ruhusa ya kutazama video kwa mwezi, kama mtu anavyolipia maji ya bomba. Zipo kampuni za kigeni, zipo za kwao wenyewe. Moja ina mpira, nyingine ina tamthilia za Korea, nyingine imeshika katuni, nazo zinagombania watazamaji kama wanunuzi wa kahawa msimu ukifunguliwa. Mtu mwenye ruhusa tatu atakulalamikia kwamba katuni anayoitaka ipo kwenye ya nne. Na katuni hapa si mambo ya watoto. Nimemwona mtu mzima mwenye tai akilia ndani ya treni kwa ajili ya katuni iliyokuwa kwenye simu yake, na abiria wote wakajifanya wanaangalia dirishani. Treni huwa kimya kabisa. Kila mtu ana vipokea sauti masikioni na yuko katika nchi yake.

Jambo la pili lilinichukua muda kuliamini. Mwanafunzi wangu mmoja, Kenta, alikuwa anatazama tamthilia, na watu wake walikuwa wanatembea kama wanaokimbia mvua.

"Wanakimbilia wapi?" nikamwuliza.

"Nimeongeza mwendo, Mwalimu. Kwa mwendo wa kawaida sitazimaliza."

"Ukizimaliza utapata nini?"

"Nitaweza kuongea na wenzangu. Wao wameshamaliza."

"Na dada yangu unamtazama kwa mwendo gani?"

"Bibi Paskazia yuko mubashara. Haharakishwi." Akasimamisha tamthilia yake. "Nadhani ndiyo maana wengine wanamtazama."

La tatu ni yale maandishi uliyoyaona yakipita juu ya picha, kutoka kulia kwenda kushoto, ukadhani kioo cha simu kimeharibika. Hayo huandikwa na watazamaji wenyewe, kila mmoja akiwa kwake, na wote wanayaona kwa pamoja. Zile nane nyingi zilizopita siku ulipomaliza mkungu mzima bila kupumzika hazikuwa hesabu ya chochote. Ni makofi, ndivyo wanavyoyaandika, maana jina la nane kwao linafanana na mlio wa makofi. Na ujue kwamba wapo wanaoingia wakaandika kwa lugha yao "nimefika", na wakitoka wakaandika maneno ambayo mimi siwezi kuyatafsiri vizuri zaidi ya "pole na kazi". Adventina alikuwa bado hajafika kwenye herufi hizo, ndiyo maana hakukuambia. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna anayekusalimu.

Najua utauliza: na wengine? Niliwauliza darasani. Wakaniambia wapo watazamaji wanaosoma na kutazama tu miaka na miaka bila kuandika hata herufi, wana jina lao kabisa, na ndio wengi. Nikauliza ni watu wa namna gani. Hakuna aliyeweza kunijibu, kwa kuwa hawaandiki.

Hapo ningekwama, kama si jambo la wiki iliyopita. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ambayo kwenu ni saa tano asubuhi. Nilikuwa napanda ngazi za jengo letu, nikasikia kutoka nyuma ya mlango wa jirani: "Adventina! Hayo majivu unayatunza ya nini, unayapeleka benki?"

Dada, sikukosea. Ni sauti yako. Nikabisha hodi.

Mwenye nyumba ni mjane, anaitwa Bi Sato. Tumekuwa majirani tangu nilipohamia hapa, na kwa muda wote huo tumezungumza habari za hali ya hewa na siku za kutupa taka, basi. Alifungua mlango akiwa na aproni. Nyuma yake kulikuwa na televisheni, na ndani ya televisheni ulikuwa umekaa kwenye mkeka, umempa mgongo.

"Unamfahamu huyu?" nikamwuliza.

"Simfahamu. Namtazama tu."

"Ni dada yangu. Wa tumbo moja."

Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akavua aproni, akaikunja, akapiga magoti mbele ya televisheni, akainama mpaka chini. Wewe wakati huo ulikuwa unakagua chane ya ndizi iliyoanza kuoza. Aliponyanyuka hakujua aweke wapi macho, kama mtu aliyekutwa ndani ya shamba la mwenzake.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amekasirika? Siku ile pakawa giza, nilidhani amefariki. Nilikaa mpaka picha ikakatika. Sikupika siku hiyo."

Nikamweleza habari ya kikapu na sababu yake. Alisikiliza bila kunikatiza. Nikamwuliza mbona hajawahi kuandika hata neno moja la salamu.

"Nikiandika, atalazimika kunijibu. Ana kisu mkononi."

"Anayejibu ni mjukuu wake."

"Naye ana kazi."

"Kwetu, Bi Sato, usipomsalimu mwenye nyumba umemdharau."

Akasema, "Kwetu ukimsumbua mtu aliye kazini umemdharau." Akaongeza haraka, kana kwamba anaogopa nitaondoka kabla hajamaliza, "Lakini nasalimu. Akikaa tu kwenye mkeka, nainamisha kichwa. Naweka chakula changu mezani, lakini sili. Nasubiri mpaka apakue, nasema maneno yetu ya kabla ya kula, halafu tunakula."

"Tunakula," alisema. Nikatazama mezani. Palikuwa na bakuli la wali, kachumbari ya figili, na kipande cha samaki. Kila kitu kimepoa.

Alinisihi nimfundishe namna ya kukusalimu sawasawa. Nikaanza kama ninavyowaanzia wote: mdogo humwamkia mkubwa, neno ni shikamoo, jibu lake ni marahaba. Akalitamka shikamoo vizuri kuliko Kenta. Nikamwuliza umri wake, kwa kufuata utaratibu tu.

"Themanini na mbili," akasema.

Dada, wewe Pasaka iliyopita ulitimiza sabini na tano.

Aliniona nahesabu kwa vidole, akaniuliza kama ametamka vibaya. Nikamwambia hapana, ila si yeye anayetakiwa kulisema. Aliposikia ni wewe unayetakiwa kumwamkia, alishtuka. "Usimwambie. Ataona kama nimekuja kumdai heshima nyumbani kwake." Nikamjibu kwamba siwezi kumficha dada yangu jambo la aina hiyo, maana siku akilijua nitakuwa sina pa kufikia Songambele.

Umeniuliza kama ni watu. Hao mia tatu siwezi kuwasemea. Huenda wamo wanaokucheka, huenda wamo wanaokutazama huku wanafanya mambo mengine kabisa, kama mtu anavyofungulia redio apate kelele ndani. Haruka alitaka kuandika juu ya picha kwa herufi kubwa kwamba hapa ni nyumbani kwa mtu, anayeingia asalimu. Nimemzuia mpaka nikuulize wewe, kwa sababu namjua mmoja ambaye akisoma hivyo ataona amefukuzwa, na ataondoka bila kuaga. Nyumba ni yako na jiko ni lako. Ukiamua simu itoke, nitamwandikia Adventina mwenyewe, na sitatafuta maneno ya kukugeuza. Ila usiamue kwa kudhani kwamba wote wanaonyamaza wamekuja kuiba.

Msalimie shemeji Edigius, umwambie kofia aliyoniagiza nimeipata lakini ya rangi ya kijivu. Mfikishie salamu mama mkwe wa Projesta aliyekuwa anaumwa mgongo, na mwalimu wa kwaya, ambaye bado ana kitabu changu cha jiografia na anajua kwamba najua. Adventina najua ndiye anayekusomea mistari hii. Adventina, usiruke kitu, hasa pale nilipokutaja.

Mpokee Haruka vizuri. Atakusalimu hadi uchoke.

Na Bi Sato hataki kuwekwa kwenye salamu, ila nimemweka. Nimemfungulia akaunti kwenye simu yake na nimemfundisha kuandika neno moja tu, marahaba. Analifanyia mazoezi kwenye karatasi. Nimemwonya asilitume mpaka asikie shikamoo, maana kuitikia salamu ambayo haijatolewa ni aibu kwetu na kwao. Aliniuliza itakuwa siku gani. Nikasema sijui, inategemea barua itafika lini na mwenye nyumba ataamka vipi. Akasema hana haraka. Tangu hapo, kila jioni saa kumi na moja, nikipita ngazini nasikia sauti yako nyuma ya mlango wake, naye ananyamaza, anangoja useme.

Ni mimi mdogo wako,
Deogratias